Mafundi nane, cheti kimoja, na kazi imeenda kwa mwingine

Swali (nimelifupisha): Nina gereji ya bodi za magari ya utalii hapa Mbauda, Arusha, na mafundi nane. Mmoja tu ana cheti cha VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi), wengine wote wamejifunzia kwa mafundi waliowatangulia. Juzi kampuni moja ya safari imeninyima kazi ya kurefusha Land Cruiser nne kwa sababu fomu yao inataka nakala za vyeti vya mafundi. Nikitangaza nafasi, wanaokuja na vyeti hawawezi kazi, na wanaoweza kazi hawana vyeti. Nasikia VETA wanampa fundi cheti bila kukaa darasani, ni kweli? Nikiwalipia hawatanikimbia? Na nina mzee wangu wa rangi, kusoma kwake kwa shida, naye anaweza?

Jibu:

Dada, pole na hizo mkonga nne, yaani Land Cruiser ulizonyimwa. Kazi ya namna hiyo kwa gereji ya watu nane ni kodi na ada za watoto kwa miezi kadhaa, kwa hiyo naelewa kwa nini umeandika kwa hasira.

Nianze na hilo la VETA maana ndo limebeba mengine. Ni kweli, utaratibu upo. Kwa jina la kiofisi ni urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo, jina refu mpaka unachoka njiani, ukifika ofisini kwao sema tu RPL, kifupi chake cha Kiingereza, watakuelewa. Fundi aliyejifunzia chini ya mti, kwa mjomba wake, au kwenye gereji kama ya kwako anapimwa kwa kile anachokijua, akifaulu anapewa cheti kinachotambulika. Wala sio kitu tumebuni sisi peke yetu, ILO, shirika la kazi duniani, waliliweka kwenye Pendekezo lao namba 195 la mwaka 2004 kwamba ujuzi wa mtu utambuliwe bila kujali aliupatia wapi, na VETA walianza kulijaribu kwa msaada wa haohao ILO kwenye fani chache kama useremala, uashi na mambo ya jikoni na hotelini, baadaye zikaongezeka fani nyingine, ufundi magari na uchomeleaji zikiwemo. Serikali nayo kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu imekuwa ikigharamia makundi ya mafundi kwa awamu, sasa awamu ikitangazwa unakuta wenye gereji wengi wanasikia ikiwa imeshafungwa, yaani hapo tunajikwamisha wenyewe.

Ila kwenye "bila kukaa darasani" ndo watu wengi wanaingia mkenge. Wanadhani ni cheti cha kupewa, unapeleka picha na hela unarudi na karatasi. Hapana bana. RPL haimfundishi mtu kazi, inampima. Kama hajui atarudi mikono mitupu, na kama anajua nusu wataona ile nusu inayokosekana, watamwambia akajifunze hicho kipande kwanza, mafunzo mafupi tu ya kuziba pengo, ndo apimwe. Kwa hiyo swali lako la kwanza sio "nilipie wangapi", swali la kwanza ni nani kati ya hao nane anaweza kusimama mbele ya mpimaji leo. Nitalirudia hilo chini.

Kabla sijafika huko kuna jambo nataka ulielewe vizuri kwa sababu litakuokolea hela. Cheti kina nguvu pale tu ambapo kuna mtu getini anakiuliza. Angalia hapo Moshi, hakuna mgeni anayepanda Mlima Kilimanjaro bila mwongozaji mwenye leseni, ukifika Machame au Marangu askari wa hifadhi anataka kuona. Ndo maana utakuta mgumu, kijana wa kubeba mizigo, anahangaika miaka apate mafunzo na ile leseni, kwa sababu anajua siku akiipata malipo yake yanabadilika safari inayofuata, hakuna anayembembeleza. Au chukua umeme wa majumbani. Fundi umeme bila leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, anaweza akawa anafunga waya vizuri kuliko injinia, lakini nyumba ikifika kwenye kuunganishwa, TANESCO, shirika la umeme, wanataka kazi iliyosainiwa na mtu mwenye leseni, na leseni zenyewe zina madaraja, A mpaka D na ile W, kila daraja na mipaka yake, na huwezi kuomba leseni bila cheti. Kwa hiyo fundi umeme akipata cheti hela anaiona harakaraka.

Sasa fundi bodi na fundi wa kuchomelea alikuwa anaulizwa na nani? Hakuna. Arusha hii imerefusha Land Cruiser miaka na miaka, tunakata, tunaongeza mlango, tunaongeza siti, tunafungua roof juu mgeni asimame aangalie simba, na wateja wanakuja kwa jina la fundi, "mtafute fulani pale Unga Limited", basi imeisha. Cheti hakikuwa na geti. Kwa hiyo hawa mafundi wako sio wazembe wala hawakukwepa shule, hapakuwa na sababu ya kukitafuta. Kilichobadilika ni kwamba kampuni za safari zenyewe sasa zinaulizwa maswali na mawakala wa nje na kampuni za bima, gari hili limefumuliwa na nani, ana sifa gani, na meneja hawezi kujibu "na fundi mmoja hivi anaitwa Babu". Geti limejengwa juzijuzi na limekukuta wewe wa kwanza kwenye foleni. Wengine wanakuja nyuma yako.

Hii hadithi ya uhaba wa mafundi kwa hiyo ina pande mbili na watu wanazichanganya. Utasikia kwenye hotuba ule uwiano wa 1:5:25, yaani mhandisi mmoja awe na mafundi sanifu (wa ngazi ya stashahada) watano na mafundi mchundo (wa kazi za mikono) ishirini na tano, na kwamba sisi tuko mbali na hapo. Sawa, lakini hao ishirini na tano ukiwahesabu kwa vyeti utawakosa, ukipita Mbauda, Kilombero na Majengo asubuhi ukawahesabu kwa macho utawakuta wamejaa. Mikono ipo. Kisichopo ni karatasi ya kumwambia mtu wa mbali kwamba mkono huu unajua. Halafu kuna uhaba wa kweli kabisa, huo RPL haiutibu hata kidogo, mfano kusoma mifumo ya umeme ya magari mapya kwa kompyuta, au kuchomelea aluminiamu, huko ujuzi wenyewe ni mchache na dawa yake ni kufundisha, sio kupima. Usichanganye hivi viwili kwenye bajeti yako, utalipia kipimo cha mtu ambaye alihitaji mwalimu.

Na hao wanaokuja na vyeti hawawezi kazi? Usiwaonee sana. Mwenye NVA, yaani cheti cha ufundi stadi cha VETA, levo ya kwanza ni mtu aliyeanza, ngazi ni tatu, ya kwanza mpaka ya tatu, na kijana aliyetoka chuoni na levo ya kwanza amegawana mashine na darasa zima na rodi zenyewe hela, hajachoma vya kutosha. We unamwangalia ukitegemea fundi wa miaka kumi. Cheti chake kinasema kweli, tatizo ni wewe unakisomea juu zaidi ya kilichoandikwa. Mimi ningekushauri uende ukaongee na vyuo wakuletee wanafunzi wa field, mmoja au wawili kila msimu, ukae nao, yule atakayeonekana ana mkono umshike kabla hajamaliza. Ni njia ya polepole lakini unapata mtu mwenye cheti ambaye amejifunza kwa namna yako, kwa gharama ya chakula cha mchana na nauli.

Turudi kwenye kupimwa, hapa nataka nikae kidogo maana ndo penye shida na hakuna anayewaambia mafundi mapema.

Fundi wa mtaani mzuri haanguki kwenye mkono. Anaanguka kwenye "kwa nini". Mpimaji anamwangalia akifanya kazi yenyewe, anaangalia alivyojiandaa, alivyopima, alivyojikinga, kazi ilivyotoka, halafu anauliza maswali ya mdomo. Chukua kurefusha chasisi. Fundi wako najua anakata kwa mshazari, hakati moja kwa moja kama anakata mkate, halafu anapachika bamba la kuimarisha upande wa ndani, na kabla hajawasha mashine anafungua terminali ya betri. Vyote sahihi. Sasa anaulizwa, kwa nini umekata mshazari? "Ndo tulivyofundishwa." Kwa nini umefungua betri? "Ndo utaratibu." Hapo mpimaji anabaki hajui kama huyu mtu anaelewa au anaiga, na akipewa gari ambalo halijakaa kama yale aliyozoea hatujui atafanya nini. Jibu analijua ndani kwa ndani ila hajawahi kulisema kwa mdomo: ukikata wima mzigo wote unakutana kwenye mstari mmoja, na chuma pembeni ya mshono kimeshapigwa moto kimebadilika, ndo kinapopasukia barabara ya Serengeti gari likiwa na wageni saba, na betri unaifungua ili umeme wa mashine usipite ukaua oltaneta na zile kompyuta za gari.

Rodi nazo vilevile. Muulize fundi rodi gani, atakwambia "ile ya kawaida". Kuna 6013 ambayo ni rahisi kuwaka, inafaa bati na kazi nyepesi, na kuna 7018 ya kazi inayobeba mzigo, ambayo ni ya hidrojeni ndogo na haitaki unyevu kabisa, ukiiacha wazi wakati wa masika halafu ukachomelea nayo chasisi unapanda nyufa ambazo huzioni leo. Wengi wanazihifadhi kwenye ndoo iliyo wazi chini ya meza. Mpimaji akiikuta hiyo ndoo siku ya kupima kwenye gereji yako, ujue ameshaandika kitu.

Kingine ni mchoro. Fundi anajenga roof nzima kwa macho na inakaa kama ya kiwandani, lakini mpe karatasi yenye vipimo vya milimita na sura tatu, ya juu, ya mbele na ya ubavuni, anaigeuzageuza. Na usalama, hapa sote tunajijua, kijana anachomelea na miwani ya jua aliyonunua stendi, kandambili miguuni, mtungi wa oksijeni umelazwa juani. Hivi vitu vitatu, maneno ya kazi, mchoro na usalama, unaweza kuvifundisha mwenyewe hapohapo gereji. Jioni wakishanawa mikono, tafuta mwalimu wa chuo au fundi sanifu yeyote unayemwamini, mlipe aje wiki chache awakalishe, kila fundi aeleze kwa mdomo kazi aliyofanya siku ile na kwa nini aliifanya hivyo. Watacheka siku mbili za kwanza halafu watazoea. Kwa wengi hilo ndo pengo zima, hakuna lingine.

Wakati huohuo kusanya ushahidi. Kila fundi awe na kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa, na picha za kazi zake kabla na baada, sio picha ya gari limeshapakwa rangi linang'aa tu, piga na ile mifupa ikiwa wazi. Barua ya mwajiri wa zamani ni dhahabu na ndo inayokosekana zaidi, kwa sababu gereji zetu mtu anaondoka kwa kugombana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe anayeondoka cheti cha utumishi, karatasi inayosema alifanya kazi hapa kuanzia lini mpaka lini na alikuwa nani. Ni wangapi wanaitoa? Anza wewe, hata kwa deiwaka, kibarua wa kutwa, aliyekaa miezi michache.

Mambo mawili ya tahadhari haraka. Kama kuna fundi wako ana cheti cha zamani cha trade test, ule mtihani wa ufundi wa kabla ya NVA, usikitupe, ila elewa hesabu zake zinaenda kinyume: kwenye trade test Grade Three ndo ya chini na Grade One ndo ya juu, kwenye NVA levo ya kwanza ndo ya chini na ya tatu ndo ya juu. Nimeona karani wa ajira anampita mzee wa Grade One akimchukua kijana wa levo ya tatu akidhani tatu ni kubwa kuliko moja, mzee ameondoka ananung'unika na hakuna aliyemuelewa. Ukituma nakala kwenye kampuni weka mstari mmoja wa maelezo. Ya pili, mtu akikufuata na "mchongo" wa vyeti vya haraka mfukuze. Tangu uhakiki wa 2017, ule uliowakuta watumishi wa umma 9,932 na vyeti feki, ofisi nyingi zimeshazoea kuandika barua kwa aliyetoa cheti kuuliza kama ni chake. Kampuni ya safari ikigundua moja feki kwenye zako nane, zile saba halali nazo zimekufa.

Na utakutana na mtu atakayekwambia achana na VETA, nenda moja kwa moja cheti cha kimataifa cha uchomeleaji, ISO 9606, kama wale vijana wa bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga. Kizuri sana, lakini kwa kazi yako mi naona ni hasara. Kile cheti kinampima mtu kwa mshono wa aina fulani, unene fulani, mkao fulani, na kila miezi sita lazima msimamizi wa kazi asaini kwamba bado anaendelea kuchomelea kwa namna ileile, isipokuwa hivyo kinakufa. Ni cheti cha mradi mkubwa wenye mkaguzi kila kona. Kwako pale nani atasaini? Kijana atakaa nacho mpaka kiishe nguvu ukutani, na hela uliyolipa ingewapima mafundi kadhaa.

Sasa hofu yako kubwa, watanikimbia. Baadhi ndio, tusidanganyane. Uwanja ule wa AFCON wa 2027 unaojengwa pale Olmoti, wa watu 30,000, umeshaonyesha, mradi mkubwa ukija mjini fundi mwenye karatasi ndo anachukuliwa mapema na analipwa kila mwisho wa mwezi bila longolongo. Lakini jiulize, leo hana cheti na bado anaondoka, si ndio? Fundi wako bora akiondoka leo anafungua kibanda chake kona ya pili na anachukua nusu ya wateja wako. Kinachomshikilia mtu sio kukosa pa kwenda. Na usiogope sana mambo ya Nairobi, soko la pamoja la Afrika Mashariki lipo tangu 2010 na itifaki yake inasema nchi zitambuliane sifa, lakini makubaliano yaliyosainiwa mpaka kutekelezwa ni ya watu kama wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Fundi mchundo hayumo, akivuka Namanga anaanza upya kujieleza.

Ninachokushauri ni hiki. Kabla hujalipia mtu yeyote, waite wote nane, waambie wazi kwamba mwenye levo ya kwanza mshahara ni huu, ya pili ni huu, ya tatu ni huu, na uandike ubandike ukutani. Nyongeza ianze mwezi uleule cheti kinapotoka, isisubiri "tukipata kazi kubwa". Kama huna uwezo wa kumuongezea mtu hata kidogo akipata cheti basi usimlipie, kwa sababu hapo utakuwa umemnunulia tiketi ya kuondoka. Gharama mgawane, wewe sehemu kubwa na yeye kidogo, mtu aliyechangia hata kidogo anasoma kwa uchungu, na muandikiane makubaliano mafupi kwamba akiondoka kabla ya muda fulani atarudisha sehemu uliyolipa wewe, kiasi kinachopungua kila mwezi anapoendelea kukaa. Msainiane mbele ya mtu.

Kitu kimoja tu usifanye, na najua wenye gereji wengi hapa mjini wanafanya: kumnyang'anya fundi cheti chake ukakifungia kwenye droo "kwa usalama". Cheti kina jina lake. Baki na nakala, basi. Nimeona gereji mafundi wameondoka wanne kwa mpigo kwa ajili ya droo tu, na mwenye gereji hakuelewa kwa sababu mishahara ilikuwa mizuri kuliko ya jirani.

Wewe una watu nane hivyo SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi anayolipa mwajiri, haikuhusu kwa sasa, ila ukikua ukafika kumi utaanza kuilipa, ilishushwa mpaka asilimia 3.5 ya mishahara mwaka 2023, na sehemu ya hela hiyo ndo inaiendesha VETA. Siku hiyo ikifika uwe mtu wa kwanza kwenda kudai huduma, wenye viwanda wengi wanalipa wanalalamika na hawajawahi kukanyaga chuo kuuliza wanaweza kupata nini.

Mzee wa rangi. Anaweza, na mi ningependa apimwe. RPL ilifikiriwa hasa kwa watu kama yeye, maswali ni ya mdomo, kazi anaifanya mbele ya mpimaji, haketi kuandika insha. Kisomo chake kidogo kitamletea shida sehemu mbili tu, kujaza fomu, hapo mwanao au karani wako atamsaidia, na kusoma maelekezo kwenye kopo la rangi na thina, viwango vya kuchanganya na muda wa kukauka, hizo namba akazizoee maana lazima ataulizwa. Kitakachoamua ni kama fani yake imo kwenye awamu inayofuata, rangi za magari mara nyingine inawekwa pamoja na kunyoosha bodi, kwa hiyo uliza kwa jina la kazi na sio kwa jina la fani. Na umtafutie barakoa ya kemikali sasa hivi, sio siku ya mpimaji. Kitambaa anachofunga puani hakizuii chochote.

Nani aanze? Ningekuwa wewe nisingepeleka nane kwa mpigo, gereji itasimama na wakianguka watatu morali inakwisha. Peleka wawili wa chasisi kwanza, wale ambao wewe mwenyewe ungepanda gari walilolikata ukaenda nalo Ngorongoro usiku. Baada yao fundi bodi mkuu na mzee. Umeme wa magari aje baadaye. Spanaboi wawili, wale wasaidizi wanaojifunza, waache kabisa na RPL, hao ni wa kupelekwa chuo kozi ya jioni au uanagenzi, kumpima mtu ambaye bado anajifunza ni kumtukana na kupoteza hela. Yule mwenye cheti tayari muulize ni cha levo gani, kama ni ya kwanza na ameshakaa kazini miaka, apande. Akifika levo ya tatu na kama ana cheti cha kidato cha nne, milango ya vyuo vya ufundi sanifu kama Arusha Technical College, kile cha tangu 1978, inaanza kumfungukia, na ukiwa na fundi sanifu mmoja ndani ya gereji anayeweza kuchora na kusaini, fomu za hizo kampuni utakuwa unazijaza bila kutetemeka.

Na kesho asubuhi, kabla ya yote haya, mpigie yule meneja aliyekunyima kazi. Usiende kulalamika. Muulize vitu vitatu: wanataka cheti cha fani gani, levo gani, na je ni kwa kila anayegusa gari au kwa msimamizi wa kazi tu. Kampuni nyingi ukiziuliza hivyo inaonekana hawajafikiria, waliinakili fomu kutoka kwa wakala wao wa Ulaya, na wanaweza kukubali wawili wenye vyeti wakisimamia wengine. Mwombe akuandikie kwa barua pepe. Hiyo barua ichapishe, ndo uende nayo VETA kuuliza tarehe ya kupima.